Watoto wamepima 94 wakaandika 100, nifanyeje?

Mwalimu_Kayole
Habari zenu walimu wenzangu na wazazi. Nafunza sayansi Gredi 7 huku Kayole, Nairobi, darasa lina watoto 58, maabara hatuna, niko na thamomita mbili na kamtungi ka gesi nakabeba kutoka nyumbani. Hatua za uchunguzi wa kisayansi wanazijua, swali, nadharia tete (jibu unalokisia kabla ya kupima), jaribio, kurekodi, hitimisho, hata ukiwaamsha usiku watakutajia zote. Sasa Jumanne tulichemsha maji, nikaita vikundi kimoja kimoja waje wasome, na kwa macho yangu niliona thamomita imesimama 94 na maji yanatokota kabisa. Kukusanya madaftari, vikundi saba kati ya nane wameandika 100. Kimoja kati ya hivyo saba kilikuwa kimeandika 94, wakafuta na raba mpaka karatasi ikatoboka. Nikauliza mbona, kijana mmoja akaniambia "Mwalimu, kitabu kinasema 100." Iliniuma sana, maana hizo hatua naona wamezikariri tu kama wimbo. Nyinyi mngeanzia wapi?

Fundi_wa_Maabara
Pole mwalimu, lakini hiyo 94 usiitupe, hilo ndilo somo lenyewe. Nimekaa maabara za sekondari hapa Nairobi miaka mingi na maji yetu huchemka kwa 94 hivi, juu tuko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ya huku inakandamiza maji kidogo kuliko ya Pwani kwa hivyo yanachemka kabla ya kufika 100. Ile 100 ya kitabu ni ya usawa wa bahari. Sasa tafadhali usiwaambie hivyo mapema! Waulize mbona ni 94 na uandike ubaoni kila sababu watakayotoa. Watakuambia thamomita ni mbovu, moto ni mdogo, maji ya mfereji ni machafu, na zote hizo zinapimika. Thamomita unaitia kwenye barafu inayoyeyuka, inafaa isome 0. Moto unauongeza, mapovu yatazidi na namba haitasonga, hapo angalia nyuso zao, huwa hawaamini. Maji unaweka ya chupa lakini sufuria ni ileile, moto uleule, thamomita ileile. Kitu kimoja tu kinabadilika, ukibadilisha viwili hutajua ni kipi kimeleta tofauti.

Mama_Wawili
Mimi naongea kama mzazi. Msichana wangu mwaka jana walipanda maharagwe kwa vikopo vya yogati, kimoja dirishani kingine ndani ya kabati, na yeye alikuwa amebashiri la dirishani ndilo litakuwa refu. Likawa refu la kabati, jembamba, limepauka manjano, la dirishani fupi lakini kijani na shina nene. Akaandika vile alivyoona na akapewa sifuri, ati jibu ni mmea unahitaji mwanga. Na mtoto alikuwa sahihi, mche ukikosa mwanga hujirefusha kuutafuta! Tangu siku hiyo kabla hajaangalia kitu ananiuliza kwanza jibu ni gani. Kwa hivyo mwalimu nakuomba, ubashiri waandike na biro usifutike, na alama uwape kwa kuandika walichoona, usiwape kwa kubahatisha. Waambie pia kuhusu Erasto Mpemba wa hapo Tanzania, 1963 akiwa sekondari ya Magamba alitia maziwa ya aiskrimu kwa friza yakiwa bado moto na yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, wenzake wakamcheka, lakini baadaye alimuuliza Denis Osborne aliyekuwa anafunza fizikia chuo kikuu Dar, huyo akaenda akapima, na 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana kama hutokea kweli.

Tichaa_Umoja
Nakubali yote ila kipindi ni dakika 40, usiwabebeshe kila kitu siku moja. Kikundi kimoja kichukue sababu moja, halafu waelezane. Na maji moto yakae kwa meza yako, mmoja anasoma mwingine anaandika, nimeona mtoto akiungua mkono darasani na sitaki kuona tena.

Mwalimu_Kayole
Asanteni sana, nimerudi na habari. Leo tulinunua barafu kwa mama wa samaki, tukaiponda, tukatia thamomita zote mbili. Moja ikasoma 0, nyingine ikasoma 2, na nikaacha zikae dakika tano isije ikawa ni haraka yetu. Tukahamia kwa maji ya kuchemka, ya kwanza 94, ya pili 96. Darasa likanyamaza. Msichana mmoja wa nyuma, huyo kwa kawaida haongei, akainua mkono akasema "Basi hiyo ya pili imekuwa ikizidisha mbili kila mahali?" Sikumjibu, nikamwambia tutajuaje, na sasa wanataka kupima maji ya vuguvugu kesho na thamomita zote mbili. Wameuliza pia kama kuna mtu anaweza kuwapimia maji ya Mombasa.

Wa_Likoni
Mwalimu mie niko Likoni, hapa Mombasa, nimechemsha sasa hivi na ya kwangu imesoma 99. Lakini sikuijaribu kwa barafu kwanza, kwa hivyo usiwape namba hiyo. Kesho asubuhi nanunua barafu nirudie.