Naomba ushauri: "balance" kwenye risiti tuiandikeje kwa Kiswahili?

Ndugu zangu, naomba msaada wa neno moja. Kuna kitabu cha risiti za duka la jumla hapa Kampala kinachotafsiriwa kwa ajili ya wateja wanaotoka Kenya, Tanzania na Kongo, na "balance" imekwamisha kazi.

Kwa Kiingereza cha Uganda, mteja akitoa 20,000 kwa bidhaa ya 18,000, ile 2,000 anayorudishiwa ndiyo "balance". Hiyo ni chenji. Lakini akichukua mzigo wa 150,000 na kulipa 100,000, ile 50,000 nayo inaandikwa "balance", na hapo ni deni. Karatasi ikisema "Balance: 50,000" peke yake, haijulikani nani anamdai nani. Mgeni asiyejua matumizi ya huku anaweza kuja kuomba arudishiwe pesa ambazo yeye ndiye anadaiwa, na ugomvi wa namna hiyo unaharibu biashara.

Maana nyingine hazisumbui sana: pesa iliyomo kwenye simu au benki ni salio, hesabu za mwisho wa mwaka ni mizania, kifaa cha kupimia uzito ni mizani.

Pendekezo langu ni mistari miwili tofauti, "Chenji" na "Baki ya kulipa", na usiohusika upigwe kistari. Nasita kuandika "salio", kwa sababu linabeba utata uleule. Je, "baki ya kulipa" inaeleweka Goma na Mwanza, au niandike "deni" moja kwa moja?