Tupeane uzoefu: Sado ya kununulia na sado ya kuuzia

Mtoa mada: Wakuu habari za jioni. Tukisema tamaa kila mtu anakimbilia kutaja wakubwa na mabilioni, ila mi nikisoma Biblia naona imekaa sana sokoni. Kumbukumbu la Torati 25 inakataza kutembea na mawe mawili ya kupimia kwenye mfuko, kubwa na dogo. Sasa bosi wangu wa kwanza kwenye nafaka alikuwa na sado mbili (yale makopo ya plastiki ya kupimia), ya kununulia kaimwagia maji ya moto akaivuta ikatanuka, ya kuuzia kitako kimesukumwa ndani mpaka ukiingiza mkono unakutana na kichuguu, halafu anakujazia na kilima juu mteja anashukuru kabisa. Na Jumapili ndo anaombea sadaka. Leteni na zenu, hata za waliokataa.

Mdau wa Newala: Hiyo ya sado huku kusini ni kangomba kabisa. Msimu haujafunguliwa, hela imekata, mtoto anatakiwa shule, jamaa anakuja na kopo lake anabeba korosho zako kwa bei ya njaa, utafanyaje. Kuna mzee mmoja kijijini kwetu alikuwa na hela ya kufanya hiyo kazi na watu wakamfuata wenyewe anunue, akagoma, akawa anawakopesha tu wamrudishie ileile baada ya mnada bila hata shilingi juu. Wanae wakamwona mjinga maana wenzake wana bati za rangi yeye nyumba ileile. Ukimuuliza anakwambia kasome Kutoka 22:25, anaendelea kubangua.

Mpita njia: Mtoa mada, huyo bosi alifilisika?

Mtoa mada: Wapi, ana malori. Asafu kwenye Zaburi 73 kalalamikia hilohilo, waovu wamenona na hawana shida. Tusidanganyane humu kwamba kila mwizi anaanguka.

Jirani wa Nyandarua: Huku kwetu tunaita mukurino, nadhani nyinyi ni lumbesa. Gunia la viazi linafungwa kilemba juu. Sheria ya Kenya inasema kilo 50, lakini broka akifika shambani anakuambia kama hutaki kuongeza naenda kwa jirani, na anaenda kweli. Anti yangu ni mtu wa maombi, alikataa, viazi zikakaa stoo mpaka zikachipuka akalisha ng'ombe. Hakuna baraka iliteremka hapo, wacha niseme ukweli. Msimu uliofuata akakaa chini na akina mama wa hiyo ridge wote wakakataa pamoja, broka kuona lori inarudi tupu akaanza kuongea na adabu. Kusimama peke yako ni ngumu bana.

Mkwe wa Songea: Mi nina swali kabisa. Mithali 11:26 inasema anayezuia nafaka watu watamlaani. Baba mkwe ananunua mahindi Julai yakiwa chini, anapiga dawa ya dumuzi, anafungua stoo Januari. Huyo naye ana tamaa? Mbona Yusufu alijaza maghala Misri?

Mtoa mada: Yusufu njaa ilipofika alifungua, huyo wa Mithali anazuia watu wakiwa na njaa. Ingawa ukisoma Mwanzo 47 Wamisri waliishia kutoa mifugo na mashamba yao kwa Farao, hapo hata mi napatwa na kigugumizi. Huyo baba mkwe wako, majirani wakija Desemba inakuwaje?

Mkwe wa Songea: Majirani anawauzia kwa debe kwa bei ya Julai anaongeza hela ya dawa na mifuko tu, wenye malori ndo wanasubiri Januari. Ila debe ni mbili kwa kaya. Alishatokea mmoja akachukua mara tatu kwa majina ya wanae akaenda kuuza mjini, tangu hapo mama mkwe ndo anashika daftari, na yule bado anauziwa.