Wimbo wa Rebeka na mageti ya ushuru: nani aimbe, nani asimulie?

Mwalimu wa Webuye
Hamjambo wapenzi wa nyimbo. Nafundisha historia hapa Webuye, na klabu yangu imechukua hadithi ya wakulima wa Wales waliovunja mageti ya ushuru kati ya 1839 na 1843. Walikokota chokaa ya kutibu udongo mchachu, kama wakulima wa huku kwetu wanavyofanya, na kila bodi ya barabara ilikuwa na geti lake: unalipa hapa, unalipa tena mbele kidogo. Basi usiku wanaume walivaa magauni, wakajipaka masizi, wakamfuata kiongozi waliyemwita Rebeka, jina la yule wa Biblia, Mwanzo 24, aliyebarikiwa kwamba uzao wake utamiliki malango ya adui. Geti la Efailwen lilivunjwa Mei 1839. Likajengwa tena, likavunjwa tena.

Lakini mazoezi yamelala. Msimulizi anasoma aya, kwaya inaimba, msimulizi anasoma tena. Jana mwanafunzi mmoja alisinzia geti likivunjwa, na iliniuma sana. Nifanyeje hadithi iimbwe badala ya kusomwa?

Mzee wa Litungu, Kimilili
Mwalimu, mtoe huyo msomaji. Hadithi yenyewe ni wimbo wa kuitikizana tayari! Rebeka alikuwa akifika getini kama bikizee asiyeona vizuri, anapapasa kwa fimbo. Anawaambia wanawe, yaani wafuasi wake, kuna kitu kimemzuia njia. Wanamuuliza ni kitu gani, mama, maana hakuna cha kukuzuia wewe. Anapapasa tena: ni kama geti, tena lina kufuli. Hapo wanawe wanaitikia kwamba litaondoka, na mashoka yanaanza.

Sisi Wabukusu tukipiga litungu, ala yetu ya nyuzi, hatutangulizi maelezo. Mpigaji anaanzisha, watu wanadakia, na maana inakuja ndani ya kiitikio. Kila bikizee akisema, kiitikio kipande. Fimbo ikigusa mbao, litungu linyamaze. Kimya hicho usikiharakishe, mwalimu, hapo ndipo watu wataliona geti.

Nyar Nam, Kisumu
Mzee amesema kweli. Mimi naongeza hili: mwaka 1921 watu wa huku walipokusanyika Lundha kupinga kodi na kipande, kile kitambulisho cha wakoloni, vuguvugu lao liliitwa Piny Owacho, yaani nchi imesema. Jina halikuwa la mtu. Rebeka naye ni hivyo hivyo. Wa geti hili siye wa geti lile, ukimkamata mmoja wa kesho yupo. Kwa hiyo dada, usimpe mwanafunzi mmoja nafasi hiyo. Shuka ya Rebeka ipite mkono kwa mkono, anayejifunga ndiye anayeanzisha ubeti.

Baba Wawili, Nakuru
Samahani, kuna mtu mmemsahau. Septemba 1843, huko Hendy, mlinzi wa geti aliyeitwa Sarah Williams, mama mzee, aliuawa usiku geti likivunjwa. Ushuru hakuupanga yeye. Baba yangu alilinda geti la shamba moja upande wa Njoro miaka 19, na kila aliyemkasirikia mwenye shamba alimtukana yeye. Nilikuwa mdogo, nilikuwa nikimpelekea chakula, nikiyasikia. Tafadhali mpeni huyo mama ubeti wake, bila ngoma.

Mwalimu wa Webuye
Asanteni sana. Baba Wawili, ujumbe wako niliusoma mara tatu, kisha nikawasomea wanafunzi. Tulikuwa tumepanga kuruka moja kwa moja hadi sheria ya 1844, ushuru wa chokaa ulipokatwa nusu, kwaya ikishangilia. Sasa ubeti wa mama Sarah unakuja kwanza, na ataubeba yule aliyesinzia. Leo aliujaribu kwa sauti ya chini kabisa, darasa zima likanyamaza. Shuka nayo tumepata, ya nyanya wa mwanafunzi mmoja.

Mzee wa Litungu, tukikutumia nauli, Jumamosi saa nne asubuhi utaweza kufika?

Mzee wa Litungu, Kimilili
Nitafika. Nauli iacheni, niwekeeni chai. Na fimbo itafuteni ya mti mgumu, ile laini haitalia kwenye mbao.