Mjadala: Je, marejeo ya vipengele vya SVG yaandikwe kwa Kiswahili?

Mtoa hoja, Kisumu

Wenzangu, hoja ninayoileta ni hii: sisi tunaowafundisha vijana kuchora picha za vekta (zinazoelezwa kwa maumbo na namba) kwa SVG, lugha ya kuandikia picha hizo ambayo vivinjari huisoma, tuandike marejeo kamili kwa Kiswahili, kipengele baada ya kipengele, wala tusiishie kwenye masomo ya utangulizi ambayo humwacha mwanafunzi njiani. Majina yenyewe, yaani circle (duara), rect (mstatili), path (umbo la mistari na matao) na mengineyo, yatabaki yalivyo, kwa kuwa kivinjari hakitambui mengine. Kitakachoandikwa kwa Kiswahili ni maelezo ya kila sifa, thamani yake chaguomsingi, na kinachotokea mtu asipoiandika.

Sababu yangu niliipata mezani. Kijana mmoja anayekata stika za matatu na vibanda alikuwa akitengeneza kibao cha mama anayeuza samaki huko Dunga. Aliandika neno "ngege" ndani ya kipengele text, akaweka x kuwa 0 na y kuwa 0, kama alivyozoea kufanya kwa mstatili. Kwenye skrini hakuliona neno. Aliona vimkia viwili tu vya herufi g vikining'inia kwenye ukingo wa juu. Asubuhi nzima alibadilisha rangi na fonti bila mafanikio, ilhali ukurasa wa Kiingereza aliokuwa ameufungua ulieleza jambo hilo kwa usahihi, naye alikuwa ameusoma mara tatu. Nilipomweleza kwamba y ya mstatili ni ukingo wake wa juu, lakini y ya maandishi ni mstari ambao herufi zimeukalia, kama mstari wa daftari, na kwamba g huteremsha mkia chini ya mstari huo, alirekebisha mwenyewe kabla sijamaliza kusema.

Marejeo ya MDN, tovuti ya maelezo ya teknolojia za wavuti, ambayo wengi wetu tunayategemea, yanapatikana pia kwa Kifaransa, Kijapani, Kikorea na lugha nyingine kadhaa, lakini si kwa Kiswahili. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, nami ningependa urasmi huo ufike hadi kwenye karakana ya kukatia stika.

Mchangiaji, Nakuru

Ndugu, nakuheshimu, ila katika hili sikubaliani nawe. Vijana wetu husomeshwa hisabati kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, na ukimwandikia mmoja wao "nusukipenyo" (radius) utakuwa umempa neno geni la pili juu ya lile la kwanza. Zaidi ya hapo, marejeo yaliyochakaa hudhuru kuliko yasiyokuwepo. Katika SVG 1.1 kipengele use, kinachorudia umbo lililokwisha kuchorwa, kililitaja umbo hilo kwa sifa xlink:href. SVG 2, ambayo W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, iliitoa kama pendekezo tarajiwa (Candidate Recommendation) mwaka 2018, inataka href tupu, na ile sifa ya kwanza imebaki kwa ajili ya faili za zamani. Ni nani kati yetu atakayezipitia kurasa zote kila mabadiliko ya namna hiyo yanapotokea? Mimi ningeandika faharasa fupi ya istilahi, kisha nimzoeze mwanafunzi ukurasa wa Kiingereza, maana huko kazini ndio atakaoukuta.

Mchangiaji, Kakamega

Naunga mkono hoja, kwa sharti kwamba isiwe tafsiri. Niliwahi kutafsiri maelezo ya amri A ya path, ile inayochora tao na kubeba namba saba, sentensi kwa sentensi, na wiki iliyofuata sikuelewa nilichokuwa nimeandika. Nikaanza upya kwa penseli: nukta mbili, maduara mawili yenye ukubwa mmoja yanayopita kwenye nukta hizo, na kwa hiyo matao manne ya kuchagua. Namba ya nne huchagua tao kubwa au dogo. Ya tano huchagua upande wa kuzungukia, 1 ikiwa ni kufuata mshale wa saa. Mchoro ulipokamilika, maneno yalikuja yenyewe.

Mtoa hoja, Kisumu

Ahsanteni nyote. Kuhusu nusukipenyo sina hofu kubwa, kwa sababu msomaji atakuwa na herufi r mbele yake pamoja na mchoro. Kuhusu faharasa, ndugu wa Nakuru, yule kijana isingemfaa: hakujua kwamba tatizo lake ni mstari wa kukalia herufi, basi angetafuta neno gani?

Hoja yako ya kuchakaa ndiyo nzito, nami naipokea. Ndiyo maana napendekeza tuanze na yale ambayo hayajayumba. Sifa cx, cy na r za duara, na namba nne za viewBox, zinazotaja sehemu ya picha itakayoonekana, zinafanya kazi ileile tangu SVG 1.0 ilipopitishwa mwaka 2001. Kipengele use kisubiri, na kila ukurasa uonyeshe tarehe ulipojaribiwa na toleo la SVG linalohusika.

Rasimu ya kwanza hii hapa:

"circle: huchora duara. cx na cy ni mahali pa kitovu. Usipoziandika huwa 0, na kama picha yako inaanzia 0, utaona robo tu ya duara kwenye kona ya juu kushoto. r ni umbali kutoka kitovu hadi ukingo. Ikiwa 0 au ikikosekana, hakuna kitakachochorwa. Usipoandika fill, duara litajaa rangi nyeusi; usipoandika stroke, halitakuwa na mstari wa pembeni."

Mwenye kuona kosa humo, au sentensi ambayo mkata stika angelazimika kuirudia mara mbili, aiseme hapa kabla sijaanza kuandika rect.