Bawasiri daraja la tatu na la nne: kufunga mpira, stepla au kukata?

Dereva_wa_Masafa
Wakuu salaam. Naendesha lori Dar–Tunduma, bawasiri imenitesa miaka mingi. Zamani kinyama kilikuwa kinarudi chenyewe, sasa kila nikitoka chooni lazima nikirudishe kwa kidole, na damu inatoka mpaka nimepimwa nikakutwa na upungufu wa damu. Daktari anasema ni daraja la tatu (kinyama kinarudi kwa kusukumwa tu) linaloelekea la nne (hakirudi kabisa). Amenitajia njia tatu: kufunga mpira, upasuaji wa stepla, na ule wa kukata. Dawa za kupaka na za kuchomeka nimeshatumia za kutosha. Wenye uzoefu nilinganishieni.

Nesi_Wodi_ya_Upasuaji
Pole sana kaka. Kabla ya yote, hiyo damu imechunguzwa? Bawasiri ni ya kawaida mno kiasi kwamba saratani ya utumbo mpana inaweza kujificha nyuma yake. Mtu mwenye upungufu wa damu, hasa akiwa amevuka miaka 40, aombe kuangaliwa utumbo kwa kamera kwanza. Hili nalisisitiza kwa sababu wengi hulipuuza.

Sasa njia zenyewe. Kufunga mpira ni kubana shina la kinyama kwa raba ndogo ili damu isikifikie. Kinakauka na kudondoka chenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Hufanyika bila nusu kaputi, maana huko ndani hakuna mishipa ya kuhisi maumivu kama ya ngozi, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Inafaa daraja la kwanza, la pili, na la tatu kama si kubwa. La nne hapana. Ubaya wake ni kurudi: katika utafiti wa HubBLe wa Uingereza, uliotoka mwaka 2016, asilimia 49 ya waliofungwa mpira tatizo lilirudi ndani ya mwaka mmoja, wakati waliofungwa mishipa ya damu kwa kuongozwa na dopla, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha mishipa ilipo, walikuwa asilimia 30. Ila mpira unaweza kurudiwa, na wengine hutosheka hapo.

Stepla ilitangazwa na daktari Longo wa Italia mwaka 1998. Kifaa cha duara hukata ukanda wa utando juu ya bawasiri na kubana kwa pini papo hapo, vinyama vikavutwa juu. Bawasiri ya nje haiondoki kwa njia hii.

Kukata ndiyo njia ya zamani, ya madaktari Milligan na Morgan wa London, 1937. Vidonda huachwa wazi vipone vyenyewe. Kwa njia ya daktari mwingine, Ferguson, vidonda hushonwa.

MamaTunu
Mimi nilikatwa baada ya uzazi wa mwisho, yangu ilikuwa hairudi ndani kabisa. Nikwambie ukweli kaka, maumivu yapo, tena choo cha kwanza kinatisha kuliko upasuaji wenyewe. Kilichonisaidia ni kumeza dawa za maumivu kwa saa zake bila kusubiri niumwe, dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, na kukalia beseni la maji ya vuguvugu kila nikitoka chooni. Usijizuie kula kwa kuogopa choo. Kula papai, mboga za majani, dona, na maji mengi. Haijanirudia, na leo ningeulizwa ningechagua hivyohivyo.

Kijana_wa_Sokoni
Huku mtaani kuna mzee anapaka dawa inakausha vinyama bila kisu. Vipi hiyo?

Nesi_Wodi_ya_Upasuaji
Mdogo wangu, achana nayo. Dawa inayounguza kinyama huunguza pia ngozi na misuli ya kubana choo. Kovu likija, njia inasinyaa, na kuirekebisha ni kazi kubwa kuliko bawasiri yenyewe.

Daktari_wa_Wilayani
Nesi amemaliza mengi. Niongeze kuhusu stepla na kukata, maana ndipo uamuzi wako ulipo. Utafiti wa eTHoS wa Uingereza, watu 777 waliofuatiliwa miaka miwili, ulionyesha kuwa wa stepla waliumia kidogo wiki za mwanzo, lakini baadaye waliokatwa ndio waliokuwa na dalili chache, tatizo liliwarudia kwa nadra zaidi, na gharama yao ilikuwa ndogo. Kwa bawasiri inayoelekea daraja la nne, na yenye vinyama vya nje, mimi ningekata.

Damu ipandishwe kwanza, na kama unatumia aspirini au dawa za kuzuia damu kuganda, sema mapema. Tenga wiki mbili hadi nne bila usukani, wengine hufika sita. Damu inaweza kutoka ghafla kati ya siku ya saba na ya 14, kwa hiyo kipindi hicho usiwe porini. Ukishindwa kukojoa, ukapata homa, au maumivu yakazidi badala ya kupungua, rudi hospitali hata usiku. Hii ni hata kwa aliyefungwa mpira, maana maambukizi yake ni nadra lakini huua.

Dereva_wa_Masafa
Asanteni sana. Kamera naiomba wiki hii. Bosi nimeshamwambia natafuta mtu wa kushika gari mwezi mzima. Daktari, baada ya kupona naweza kurudi safari ndefu?

Daktari_wa_Wilayani
Unaweza. Simama kila baada ya saa mbili utembee, kunywa maji hata kama unaogopa kusimama njiani, na ukibanwa na choo usikizuie mpaka kituo kinachofuata.