Mjadala: Kugawa bure dawa ya kumwamsha aliyezidisha unga, ni kuokoa au kuhalalisha?

Wakuu, mada ni hii: familia za Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini au Uhispania) kule New Mexico, Marekani, ziendelee kupewa naloksoni, ndiyo dawa hiyo ya kumwamsha, bure, au ni kuwabariki watumiaji wa unga? Kuna mchangiaji amesema dawa ya kweli ni kuwafukuza warudi kwao.

Warudi wapi? Chukua kaunti ya Rio Arriba, bonde la Española. Wahispania walianza kuishi pale mwaka 1598. Marekani imekuja kuitwaa ardhi hiyo mwaka 1848. Familia nyingi za pale ni za uzao huo. Ni raia, wako kwao.

Mabavu nayo yamejaribiwa. Septemba 1999 askari wa serikali kuu walivamia Chimayó, kijiji chenye kanisa maarufu la mahujaji, wakawazoa wauza heroini. Wauzaji kwenda jela mimi sipingi. Ila wateja wao walibaki na arosto, bila tiba ya kutosha, na kaunti hiyo imeendelea kuwa miongoni mwa zenye vifo vingi vya unga nchini humo. Sasa fentanili, dawa ya kulevya kali kuliko heroini, imeongezeka juu yake.

Hoja ninayoiheshimu ni ile ya kwamba mtu akijua kuna dawa ya kumwamsha, atatumia bila woga. Lakini tazameni inavyofanya kazi. Unampulizia puani, pumzi inarudi, na papo hapo arosto inamvaa: anatapika, anatetemeka, pengine anamfokea aliyemwokoa. Nani atayatamani hayo? Tena nguvu ya naloksoni inaweza kuisha unga ungali mwilini, akazama upya. Kwa hiyo lazima gari la wagonjwa liitwe.

Kwenye kuliita ndiko kuna kazi, maana watu wanaogopa polisi. Mwaka 2007 New Mexico ilikuwa jimbo la kwanza Marekani kumkinga anayeomba msaada asishitakiwe kwa kukutwa na dawa za kulevya. Kwangu mimi hiyo ni sheria ya haki kabisa. Kasoro yake, haiwafungi mikono maafisa wa uhamiaji, kwa hiyo mzazi asiye na makaratasi bado anasita kushika simu.

Basi ninyi mnaotaka dawa hii iondolewe majumbani, nijibuni: mtoto anakoroma vibaya saa nane usiku, midomo imegeuka bluu, hospitali iko mbali. Mama yake afanye nini?