MREJESHO: Mfuniko wa presha kuka uliomuunguza mke wangu

Niliuliza nimdai nani, kwa kuwa mwenye duka alinionyesha tu maandishi kwenye risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Tumeonana na wakili hapa Mombasa. Maandishi hayo hata hakuyajali. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inahesabu kuwa muuzaji ameshadhamini ubora wa bidhaa.

Kilichonishangaza ni kwamba risiti ni yangu, jeraha ni la mke wangu. Mimi namdai muuzaji kwa mkataba, ndani ya miaka 6. Yeye hakununua kitu, ila anaweza kumdai mtengenezaji kwa uzembe, ndani ya miaka 3. Msingi wake ni kesi ya Donoghue na Stevenson, Uingereza, 1932: mama alikunywa soda ya tangawizi aliyonunuliwa na rafiki, ikasemekana konokono alitoka chupani, naye akaruhusiwa kumdai mtengenezaji. Konokono jamani!

Madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 huenda Mahakama ya Madai Madogo, hata bila wakili.

Aliyenionya nisiirudishe presha kuka dukani, ahsante sana: ndiyo ushahidi wetu. Mwagizaji, yaani aliyeiingiza nchini, amepata barua ya madai, sasa anaitaka "akaikague". Ataikagua mbele ya wakili.